Mkate Nilioukausha

Baba yangu alizaliwa Kaole, akahamia Bagamoyo angali kijana, akashona kanzu na kofia mpaka macho yake yalipokataa kuuona uzi. Mama yangu alizaliwa Saadani, binti wa mtu aliyechemsha chumvi. Mimi nilizaliwa Dunda, hapa hapa Bagamoyo, katika nyumba hii hii unayoandikia, wakati ambapo paa lake lilikuwa la makuti na ua wake ulikuwa mpana kuliko sasa. Majina yao unayajua, mjukuu wangu, kwa kuwa huyasikia katika hitma kila mwaka. Hapa usiyaandike, wala langu usiliandike. Nitakayoyasema si ya kumtukuza mtu, na waliokufa hawapo kujitetea.

Andika polepole. Mimi sikufundishwa hata alifu, kwa hiyo siwezi kukagua kazi yako kwa macho. Utanisomea kila kipande tukikimaliza, na nikisikia kwamba umelilainisha neno langu kwa kunihurumia, utalifuta na kuliandika kama nilivyolitamka.

Nyumbani mwetu alikuwamo mwanamke ambaye mimi na dada yangu tulimwita Yaya. Alikuwa Mzigua. Mwaka mmoja wa njaa jamaa zake walimleta pwani, wakamwacha kwa babu yangu, wakarudi kwao na mtama vichwani. Alikuwa msichana wakati huo. Jina aliloitwa nyumbani alipewa na babu siku aliyofika. Jina alilokuja nalo hakuna aliyeliuliza. Alimlea dada yangu tangu kuzaliwa, kisha akanilea mimi. Aliponiogesha alikuwa akinikwaruza nyayo kwa kipande cha kigae, nami nikilia yeye husema, "Lia, mwana, lakini miguu ya mwungwana haina nyufa." Miguu yake yeye ilikuwa imepasuka kama udongo wa majaruba wakati wa kiangazi.

Ndiye aliyenifundisha kuoka mofa. Nyinyi wa leo mmezoea mikate ya ngano, basi nikueleze. Mofa ni mkate wa unga wa mtama, mviringo, unaoenea kiganjani. Unga hupepetwa mpaka pumba zote zitoke, hukandwa kwa maji ya vuguvugu na chachu ya jana, hulazwa, kisha vitonge hubandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo, kwa ndani, moto ukiwa umekwisha kuwa makaa. Kazi yote iko katika kuung'oa. Ukiung'oa mapema ni mbichi. Ukichelewa, moyo wake hukauka.

"Usiungoje uwe mwekundu," alikuwa akiniambia. "Ukinukia tu, ng'oa. Ukikauka moyo, huo si mkate tena, huo ni wa kumrushia mbwa. Na mbwa mwenyewe atakukasirikia."

Nilijifunza vizuri. Nilipofika umri wa kuvaa ushungi, wanawake wa mtaani walikuwa wakituma watoto kuomba mofa za mkono wangu, na mimi niliitika sifa hizo kana kwamba nilizaliwa nazo. Sikumbuki hata siku moja niliyosema, "Nimefundishwa na Yaya."

Ilikuwa miaka michache kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao. Dada yangu aliposwa na mtu wa Pangani, wa nyumba ya wafanyabiashara, na baba yangu alifurahi mno. Siku ya kupokea posa alisimama barazani, mbele ya mashahidi wawili, akasema kwamba siku binti yake atakapotoka nyumbani kwa heshima, mwanamke aliyemlea naye atakuwa huru kwa ajili ya Mungu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikasikia. Yaya alikuwa uani akichambua mchele. Alipopelekewa habari hakupiga kigelegele. Aliuweka ungo chini, akakaa, akaitazama mikono yake, kisha akauinua ungo akaendelea.

Alikuwapo mtu aliyekuwa akiingoja siku hiyo pamoja naye. Alikuwa mwungwana wa upande wa Msata, mleta ufuta. Kila alipoteremka na mizigo yake alipitia kwetu, akaketi kwenye baraza ya nje akaulizia mambo ya mvua, na sisi wasichana tulicheka kwa sababu hata katikati ya kiangazi aliulizia mvua. Alikwisha kumwambia baba kwamba Yaya akipata uhuru wake, yeye atamwoa kwa mahari kamili.

Katika nyumba yetu, aliyeshika funguo hakuwa mama. Alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mjane, mwanamke aliyejua kuendesha shughuli na aliyeogopwa hata na wanaume. Shangazi alikuwa na kidani cha dhahabu, kazi ya sonara wa Unguja, alichoachiwa na marehemu mumewe. Alikiazimisha kwa arusi hiyo, dada yangu akivae mbele ya wakwe. Ilikuwa desturi kuazima, lakini haikuwa desturi kusema kwamba umeazima. Siku ambayo bibi arusi alifunga safari ya Pangani, wageni walijaa mpaka uani. Shangazi alimvua kile kidani chumbani, akampa mkufu wetu wa fedha, akamsindikiza.

Siku ya tatu alifungua kasha lake na kidani hakikuwamo.

Sasa andika sawasawa, maana hapa ndipo ninapoanza mimi. Hakuna aliyemtaja Yaya kabla yangu. Shangazi alipokuwa akipekua mikeka na kuwatuhumu wageni mmoja mmoja, mimi ndiye niliyesema, tena bila kuulizwa: "Nilimwona Yaya akitoka chumbani kwa bibi arusi. Pembe ya kaniki yake ilikuwa imefungwa fundo, naye alilifunika kwa mkono."

Niliyaona kwa macho yangu. Sikusema uongo. Lakini niliyasema kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kukata hukumu, na kila mtu ukumbini aliisikia sauti hiyo.

Yaya aliitwa. Alikuja na mikono yenye majivu.

"Fundo la kaniki yako lilikuwa na nini?" shangazi alimwuliza.

"Udi, bibi. Bibi arusi alinipa."

"Udi! Umfukize nani? Kuku?"

Wanawake waliokuwapo walicheka. Na mimi nilicheka.

"Nijifukize mwenyewe, bibi," Yaya alisema. "Siku yangu."

"Sikilizeni! Ana siku yake! Haya, utoe tuunuse huo udi wa siku yako."

"Nimempa mleta ufuta anitunzie. Amekwisha kupanda bara na mizigo yake."

"Bibi arusi yuko Pangani, udi uko bara," shangazi alisema, "na kidani changu bila shaka kimepanda mbinguni."

Baba yangu, ambaye hakupenda makelele, alisema atatuma mtu Pangani akamwulize dada. Maneno hayo yangetosha kumwokoa Yaya, kwa sababu ilikuwa safari ya siku mbili, tatu. Shangazi alimgeukia kwa hasira.

"Utume mtu kwa wakwe, bibi arusi hajamaliza hata fungate, akaulize habari za dhahabu? Wajue kwamba tulimvika kitu cha kuazima? Pangani ni mbali, ndugu yangu. Mkate uko karibu."

Siku hizo, mali ilipopotea na mtuhumiwa akikana, watu wa pwani walikuwa na kiapo cha mkate. Mwalimu aliuchukua mkate wa mofa, akausomea, akampa mtuhumiwa aule mkavu, bila maji, baada ya kusema kwamba kama ameiba mkate huo umkabe. Ukipita kooni, ni safi. Ukimkaba, ni mwizi. Miaka mingi baadaye mwanachuoni mmoja aliniambia kwamba sheria ya dini haikitambui kiapo hicho. Wakati ule hatukuuliza sheria. Tuliuamini mkate.

Baba alikubali, akiwa ameinamisha kichwa. Mwalimu alileta habari kwamba mkate uokwe nyumbani humo humo, na msichana ambaye hakuibiwa wala hakutuhumiwa. Msichana huyo nilikuwa mimi.

Niliamka alfajiri nikawasha tanuri. Nataka uelewe kwamba sikumchukia Yaya. Nilikuwa na uhakika naye, na uhakika ulinifanya kuwa mbaya kuliko chuki. Niliona kwamba tulimpenda, tukamlisha, baba akamwahidi uhuru wake, naye akatulipa kwa wizi. Nilijiona nimesalitiwa. Nilijiona pia kuwa mtu wa haki, na kujiona hivyo kulikuwa na utamu ambao sijausahau. Unga sikuupepeta. Nilikanda kwa maji machache, sikuweka chachu, nikabandika mkate mmoja tu. Uliponukia sikuung'oa. Nilikaa pale nikautazama unageuka rangi, nikawaza hivi: ikiwa hakuiba, Mungu atamtelezeshea hata jiwe, na ikiwa ameiba, kwa nini mimi nimfungulie njia? Nilidhani ninamsaidia Mungu. Msichana wa miaka kumi na mitano, mbele ya tanuri, nilidhani Mungu anahitaji mkate mgumu.

Nilipoung'oa ulikuwa mzito na mkavu, na pembeni umeanza kuwa mweusi. Niliufunika kwa kawa ili mtu asiuone mpaka wakati wake.

Baada ya sala ya alasiri walikusanyika ukumbini: baba, shangazi, mama, majirani, na mwalimu juu ya mkeka wake. Mwalimu alisoma, akaumega mkate kwa shida, na mimi niliona vidole vyake vikijitahidi. Pengine alidhani ndivyo unavyotakiwa uwe. Yaya alipewa kipande. Alioga kabla ya kuja, akavaa kaniki safi, na miguuni alijipaka mafuta ya nazi. Alisema maneno ya kiapo bila kutetemeka. Kisha akakibonyeza kile kipande kwa kidole gumba, kama alivyonifundisha kupima moyo wa mkate, akainua macho akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. Akakitia kinywani.

Alitafuna. Tulisikia sauti ya kutafuna kwake. Mate yalimkauka. Alijaribu kumeza mara moja, mara ya pili, shingo ikamtoka mishipa, kisha akashikwa na kikohozi na mkate ukaanguka mkekani pamoja na ute, mbele ya watu wote. Aliuokota haraka, kwa aibu, akaukusanya kwenye kiganja chake, kama mtu aliyechafua nyumba ya wenyewe.

"Mmeona wenyewe!" shangazi alisema.

Baba hakusema mengi. Alisema, "Ile ahadi yangu, mashahidi wajue, imeondoka." Asubuhi yake Yaya alipelekwa shamba letu la mpunga kando ya mto Kingani, kulima. Hakulilia kidani wala hakuutaja mkate. Alipokuwa akipita uani na jembe lake, mama alitazama pembeni. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio, nikazidi kufagia.

Mleta ufuta alikuja mwezi uliofuata. Aliambiwa habari barazani. Hakuulizia mvua. Alitoa kitambaa kifuani, akakifungua, ndani yake kipande cha udi, akamwonyesha baba yangu. Shangazi akasema kutoka ndani kwamba mwizi wa dhahabu hashindwi kuiba na udi. Yule mtu akakifunga kitambaa chake, akaondoka.

Masika yalipokaribia, tulifungua kilindo cha mbegu. Kilindo ni pipa la gome la mti. Humo tulikuwa tukitia mbegu za mpunga, tukaziba mdomo kwa udongo ili wadudu wasiingie. Shangazi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiziba, hakumwachia mtu. Tulikuwa watatu: yeye, mama na mimi. Alivunja udongo, akaingiza mkono kupima ukavu wa mbegu, na mkono wake ukasimama humo ndani. Ulipotoka, ulitoka na kidani.

Kisha mama yangu akasema taratibu, "Wifi, kilindo hiki ulikiziba siku ile ile mtoto alipoondoka."

Na shangazi akakumbuka. Niliuona uso wake ukikumbuka. Wageni walikuwa wengi, aliogopa mikono ya watu, alikitia mahali ambapo hakuna atakayewaza, akaziba, kisha uchovu wa arusi na usiku wa kukesha ukamfutia. Aliketi chini. Nilidhani atalia. Badala yake alikipangusa kidani kwa ukaya wake wa kichwani akasema, "Basi aliiba kitu kingine. Mkate haumkabi mtu bure."

Hapo, mjukuu wangu, ndipo palipokuwa mlango, nami ndiye niliyekuwa na ufunguo wake. Katika dunia nzima walikuwa watu wawili tu waliojua kwa nini mkate ule ulikaba. Maneno matatu yangetosha: "Mkate niliukausha kusudi." Shangazi angenipiga, majirani wangesema, na Yaya angerudi kutoka Kingani siku hiyo hiyo akiwa mtu huru. Sikusema. Nilikuwa nimekwisha kuposwa. Sifa ya mkono wangu ilikuwa imefika mpaka kwa mama mkwe wangu mtarajiwa. Niliziokota mbegu zilizomwagika.

Lakini Mungu alinipa mlango wa pili, na huo ndio unaoniamsha hadi leo. Baba aliambiwa kuhusu kidani. Hakukasirika kwa sauti. Alikaa na kofia aliyokuwa akiishona, sindano imesimama. Kisha akaniita peke yangu.

"Mwanangu," alisema, "nakuuliza kitu, unijibu kama binti yangu. Mkate ule ulikuwa sawa?"

Aliniuliza. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuelekea kwenye ukweli, alibakisha hatua moja tu, akaninyoshea mkono nimvushe.

"Ulikuwa kama siku zote, baba," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa. Akarudi kwenye kofia yake. Kama mkate ulikuwa sawa, basi hukumu ilikuwa ya Mungu, na yeye ni nani wa kuipindua? Aliendelea kuamini hivyo mpaka alipokufa, na aliamini kwa sababu alimwamini mtoto wake.

Vita vya pwani vilipokuja, mizinga ya Wadachi iliupiga mji, tukakimbilia mashambani kama watu wote. Baba alifia huko, kwa homa. Katika fujo hizo Yaya aliondoka Kingani. Hakuna aliyemfuata, maana kila mtu alikuwa akitafuta wake. Baadaye tulisikia kwamba yuko Msata, nyumbani kwa mleta ufuta, ndoa imefungwa, na udi umefukizwa.

Dada yangu alikuja kututazama mara ya kwanza baada ya vita. Aliuliza kuhusu Yaya kabla hajavua viatu. Tulipomweleza, alisema, "Ule udi nilimpa mimi! Nilimkata kipande kwa kisu changu." Alilia mpaka akaugua. Shangazi alimwambia amekuwa mlegevu kwa sababu ya hewa ya Pangani. Mimi nilimshika dada mgongo nikimbembeleza, na alinishukuru kwa wema wangu.

Ilinichukua miaka mingine miwili. Nilikuwa nimezaa mara ya kwanza, na kila nilipomwogesha mtoto nilikwaruza nyayo zake na kusikia sauti ya Yaya. Nilimwambia mume wangu kwamba nina nadhiri, nikafuatana na watu waliokuwa wakipanda bara, nikafika Msata siku ya tatu.

Nilimkuta uani kwake akipepeta ufuta, mwanawe wa kike mgongoni. Miguu yake ilikuwa na viatu. Nilisimama mbele yake nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani, ingawa yeye alikuwa mkubwa kwangu na maziwa niliyonyweshwa nilinyweshwa na mikono yake. Nilisema, "Shikamoo, Yaya."

Hakuitikia. Alinionyesha kigoda, nikaketi. Akamwita mtu aniletee maji. Nilipokwisha kunywa, nilimwambia yote: unga, maji machache, chachu, tanuri, swali la baba, jibu langu. Nilikuwa nalia. Yeye aliendelea kupepeta.

"Najua," alisema nilipomaliza.

"Unajua nini?"

"Mkate. Nilijua nilipoubonyeza. Nani alikufundisha kuoka, si mimi? Nikasema moyoni, mtoto huyu amesahau, au amekusudia. Nilipoutia kinywani nikakuta pumba. Nikajua hakusahau."

"Kwa nini hukusema?"

Akacheka, kicheko kifupi. "Niseme kwa nani? Niseme, enyi waungwana, mkate wa binti yenu ni mbaya? Shangazi yako angeniuliza kama nataka na samaki." Kisha akaacha kucheka. "Nilingoja useme wewe. Nilipokuwa Kingani, kila aliyekuja kutoka mjini nilimtazama usoni, nikidhani ameletwa na neno lako. Masika yote nilingoja. Masika ya pili nikaacha."

Nilimwomba anisamehe. Niliinama nikataka kuishika miguu yake, akairudisha nyuma.

"Usinishike. Hapa Msata mimi ni mke wa mtu, watu huniamkia, hakuna anayeniita mwizi. Machozi yako hapa yananisaidia nini? Kule Dunda ndiko nilikotema mkate mbele ya watu. Kule ndiko nilikobaki mwizi. Nenda ukaseme ukumbini, waliosikia kikohozi changu wakusikie na wewe."

"Nitasema," nilisema.

"Jina langu unalijua?"

Nilitaja lile alilopewa na babu. Akatikisa kichwa. "Hilo ni lenu. Langu ninalo, mume wangu ananiita kwalo. Ukishasema kule, njoo nikwambie. Na shikamoo yako nimeisikia. Marahaba yake iko hapa. Ukishasema, njoo uichukue."

Nilirudi Bagamoyo nikiwa na nia. Nia ile niliishi nayo. Shangazi alikuwa mgonjwa, nikasema nisimwongezee ugonjwa. Alipopona, mama mkwe wangu alikuwa amekuja kukaa nasi. Kisha binti zangu walikuwa wakiposwa. Shangazi alikufa akiwa amenirithisha kile kidani, nami sikukikataa kwa kuogopa kuulizwa sababu. Mama alikufa. Mashahidi wawili wa baba walikufa. Na katika miaka hiyo yote nilijuta, nilijuta sana, nikafunga siku za Jumatatu na Alhamisi, nikatoa sadaka, na majuto yangu niliyafurahia kwa siri, kwa kuwa yalinifanya nijione kwamba bado ni mtu mwema. Nakwambia wewe unayenisikiliza: hayakumpelekea Yaya hata tone moja la haki. Aliyeanguka mbele ya watu hainuliwi chumbani.

Siku moja kijana muuza ufuta alipita barazani, nikamwuliza habari za Msata, akanitajia maziko ya mwezi uliopita. Alilitaja na jina la marehemu kwa lugha ya kwao. Sikulijua. Ilinibidi nimwulize alikuwa mke wa nani. Nilipojua, nililikataa lile jina, nikalisukuma nje ya masikio yangu, kwa sababu niliambiwa kwamba nitalipata nikishasema, nami sikuwa nimesema. Kwa hiyo nimeamkia mtu mmoja duniani ambaye hakunijibu, na sasa hawezi.

Nilipokuita na karatasi zako, niliyokusudia yalikuwa haya: uandike, uitunze karatasi, na nikifa uisome katika hitma yangu. Umeandika mpaka hapa, kisha ukaweka kalamu chini, ukasema, "Bibi, kwa nini tungoje ufe?"

Nilikukemea. Nilikwambia kwamba mtoto hamwulizi mkubwa swali la namna hiyo. Andika kwamba nilikukemea. Kisha andika kwamba baba yangu naye aliniuliza swali moja, na kwamba sitawajibu watu wawili uongo katika nyumba moja.

Basi sikiliza ninavyoagiza. Ijumaa hii, baada ya alasiri, utandike mkeka ukumbini, pale pale. Waite wajomba zako, mama zako, na wazee wawili wa mtaani waliosalia ambao mama zao walikuwapo siku ile wakacheka. Nitasema kwa kinywa changu. Ulimi ukinishinda, nawe unanijua kwamba umenishinda mara nyingi, usinihurumie: simama uisome karatasi hii kwa sauti, tangu mwanzo. Mtu akikwambia kwamba unamvunjia bibi yako heshima, mjibu kwamba heshima hiyo haikuwa yake, alikuwa amemshikia mwenyewe.

Iandike mara mbili. Ya kwanza ikae katika kasha langu, mahali pa kile kidani. Ya pili uipeleke Msata pamoja na kidani chenyewe, umpe binti yake, yule aliyekuwa mgongoni. Mwamkie kwanza. Akikataa dhahabu usimbembeleze, irudishe uitoe sadaka. Lakini karatasi umwachie. Usimwulize jina la mama yake. Akilitaja mwenyewe, lishike, njoo unitajie, nikiwa hai. Na ukinikuta nimekwisha kuzikwa, lihifadhi wewe.

Lile tanuri lililoko uani usilivunje. Oka ndani yake, na mkate ukinukia, ng'oa.